Kisu Kipya, Alama ya Zamani

Mpanda, Jumamosi jioni

Kabula mwanangu,

Umeme umekatika tangu saa nane mchana na mashine imenyamaza. Wateja wameacha magunia yao ya mpunga wakaenda zao, mimi nimebaki peke yangu hapa na daftari la foleni. Nimechana karatasi za katikati, hizo ndizo unazosoma. Ukiona pumba zimeganda kwenye wino, ujue hapo nilisimama nikafikiri.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia habari ya maji, habari ya shuka, habari ya kutomshikia mtu usiyemjua mzigo stendi. Kesho asubuhi atarudia yote, na wewe mwitikie tu, ndiyo namna yake ya kulia. Mimi nina jambo moja, na ni kosa langu, si lako. Jumapili iliyopita nilikukosea mbele ya watu.

Ndugu walikuwa wamejaa uani kukuaga. Baba yako mdogo Masunga alikuwa ameshafika kutoka Majimoto, ameshashiba, ameshaanza maneno yake. Akauliza, "Haya, huyu binti huko Dodoma anakwenda kufanya kitu gani hasa?" Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu ulikuwa umeshanipa siku tatu kabla, hapa hapa mashineni. Ulinieleza kwamba hiyo kampuni ya kutengeneza programu za vituo vya afya imewapa nyie wapya hiari ya kuchagua. Kuna kundi la mambo mapya ya akili bandia, na kuna kundi la hifadhidata, lile ghala la taarifa ambalo programu zote zinachota humo. Jumatatu mtaulizwa, na mtakachosema ndicho mtakachofundishwa na kukifanya kwa miaka miwili. Halafu ukasema kwa sauti yako ile ya chini, "Baba, mimi nataka hifadhidata." Nilikusikia vizuri. Mashine imeniharibu sikio la kushoto tu, na wewe ulikuwa umekaa upande wa kulia.

Lakini Jumapili, Masunga alipouliza, nilisimama nikarekebisha koti langu kama diwani. Nikasema, "Kabula anakwenda kufanya akili bandia! Hayo ya kutunza maghala atawaachia wengine." Watu wakapiga makofi. Masunga akapiga mluzi. Wewe ulikuwa umeshika sinia la wali, ukaniangalia kidogo, ukasema, "Sawa, baba."

Nilijua pale pale kwamba nimeharibu. Kwetu unajua ilivyo, neno la baba likishatamkwa mbele ya ndugu halirudishwi, na mtoto mwenye adabu halipingi. Nililitumia hilo kukufunga mdomo. Tena wewe, uliyebeba jina la mama yangu, ambaye tangu unanyonya nakuita mayu, yaani mama. Juzi nilikuwa nakuja jikoni kuchukua kiberiti nikakusikia unamwambia mama yako, "Baba ameshasema, sasa nifanyeje?" Nilirudi nje bila kiberiti, nikakaa na sigara yangu bila moto mpaka mama yako akatoka kuniuliza kama naumwa.

Nikuambie kwa nini nilisema vile, maana naona unastahili kujua. Akili bandia nimeisikia redioni, basi. Sijui inafanywaje na sijui wewe unaipenda au huipendi. Nilichojua ni kwamba nikilitamka neno hilo watu watashtuka, na nikisema hifadhidata Masunga ataniuliza ni kitu gani, na mimi nitababaika. Nilitaka neno zuri la kusema kwa watu. Nikachukua miaka yako miwili nikalipia hilo neno. Aibu hiyo ni yangu, usinisaidie kuibeba.

Na kibaya zaidi, mimi ndiye mtu wa mwisho katika mkoa huu wa Katavi ambaye angepaswa kufanya kosa hilo. Nilishawahi kulifanya, kwa namna nyingine, kabla hujazaliwa. Hili sijawahi kukusimulia. Mama yako analijua nusu.

Unajua kwamba niliacha kuchunga ng'ombe wa babu yako nikaenda Majimoto kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa. Fundi pale alikuwa Mfipa mmoja, Nestori, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Mashine ile, kama ile yangu ya zamani ya dizeli, ilikuwa na chuma ndani tulichokiita kisu. Ukikisogeza karibu na gurudumu, mpunga unabanwa sana. Ukikilegeza, mchele unatoka na maganda. Nestori alikuwa amepaka alama za rangi nje, pale kwenye mpini wa kusogezea. Mpunga mrefu mkavu, alama nyekundu. Mpunga mfupi, alama nyeupe. Nilizishika zote kwa siku mbili nikajiona fundi kamili. Nikaanza kuzunguka mashine nyingine za pale Majimoto, naomba kuona alama zao, nazikariri. Nikafikisha mashine tano. Wenye mashine wakawa wananiita fundi wao akisafiri, na mimi nakwenda nimevaa ovaroli safi. Wee, nilivyotembea!

Nestori alikuwa akiniambia, "Shija, kaa hapa kwenye mdomo wa mashine. Kinga mkono, angalia mchele unavyotoka." Mimi nilimwona mzee anayetaka kunichelewesha. Nitakaa kuangalia mchele mpaka lini, na wenzangu wanajua mashine mbili tu wakati mimi najua tano?

Halafu Nestori akaondoka kurudi kwao Sumbawanga, na mashine ikabaki mikononi mwangu. Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kununua kisu kipya, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimelika sana. Nilikifunga mwenyewe, nikajipongeza. Siku ya pili yake akaja mama mmoja kutoka Usevya, Mama Velonika, Mpimbwe kwa kabila, na magunia kumi na nane ya mpunga mrefu, mkavu, msafi kabisa. Nikasogeza mpini mpaka alama nyekundu. Nikawasha.

Mchele ukaanza kutoka chenga. Punje zimekatika vipande viwili, vitatu, kama zimetafunwa. Nikaangalia mpini, uko sawasawa kwenye nyekundu. Nikaendelea. Mama Velonika akasema, "Fundi, mbona hivi?" Nikamjibu, "Mama, mashine iko sawa, labda mpunga wako." Nikaendelea tena. Nilikoboa magunia kumi na moja, Kabula. Kumi na moja! Mpaka yule mama alipokwenda mwenyewe kukaa mbele ya mkanda wa injini, akasema kama naendelea basi nianze na yeye. Ndipo nikazima.

Hakupiga kelele. Alikinga chenga kwenye kanga yake, akaniletea usoni, akasema, "Muda wote huu unaangalia rangi. Mchele wangu ulikuwa huku." Mavuno yake ya mwaka mzima yalikuwa pale, na alikuwa amepanga kuezekea nyumba bati kabla ya mvua. Mchele wa chenga, nani atakupa bei ya maana? Mvua zile zilimkuta chini ya nyasi, na mimi ndiye niliyemweka huko.

Ilinichukua siku nzima kuelewa, tena baada ya kufungua mashine yote. Alama zile Nestori alizipaka wakati kisu kimelika. Kisu kilicholika lazima ukisogeze sana ndipo kibane. Nilipoweka kipya kinene, nikasogeza mpaka pale pale, kikabana kupita kiasi. Jambo dogo hivyo! Mtoto angelielewa kama angejua kisu kinafanya nini. Mimi nilijua rangi za mashine tano na sikujua kisu kinafanya nini.

Nilipanda baiskeli nikaenda Usevya kumwomba radhi. Nilitegemea matusi. Alinipa jembe. Nilikaa kwake wiki tatu, nikarudi tena msimu wa kuvuna, nikaanika naye mpunga kwenye turubai. Akanifundisha kung'ata punje kwa jino la pembeni na kusikia kama imekauka au bado, kama ililowa na mvua ikakaushwa tena, kama itavunjika au itastahimili. Mpaka leo hakuna gunia linaloingia hapa sijang'ata punje yake, na wewe ulikuwa unanicheka ukiwa mdogo kwamba baba anakula mpunga mbichi. Kwa mashine hii ya umeme, ambayo haina alama hata moja ya Nestori, ninajua niifanye nini kwa sababu ya yule mama.

Sasa sikiliza, mayu, nisije nikageuza barua kuwa mahubiri ya Jumapili. Mimi kompyuta siijui. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona kwa macho.

Niliona ile orodha uliyobandika ukutani juu ya kitanda. Nilihesabu mambo kumi na moja unayotaka kujifunza, mengine majina yake sikuweza hata kuyasoma. Kila ukitoka kuzungumza na wenzako kwenye simu, orodha inaongezeka. Nilipoiona sikuipenda, nikajiuliza kwa nini, kumbe imenikumbusha ovaroli yangu safi ile. Sisemi uichane. Mengine yatakufaa, na mengine yatakuwa yamekufa kabla hujayafikia, kama hizi injini za dizeli. Umeme ulipofika huku niliwaona mafundi wazuri kabisa, wanajua kila msumari wa injini, wamekaa barazani hawana kazi. Mimi mwenyewe nilikataa mota ya umeme misimu miwili, nasema ni kitu cha kupita. Kiburi tu. Nikaja kwenda kumpigia magoti fundi umeme mmoja wa mjini anifundishe, na umri huu. Kwa hiyo usidhani nakuambia cha zamani ndicho kizuri. Nimeumia pande zote mbili, nimeumia kwa kukimbilia na nimeumia kwa kung'ang'ania.

Lakini kuna jambo lako nililiona, na sijui kama wewe mwenyewe uliliona.

Likizo iliyopita ulinitengenezea ile programu ya foleni. Mteja anatuma ujumbe, anapewa namba, umeme ukirudi tunajua nani wa kwanza. Kwanza ulitengeneza vile vioo vya kubonyeza, rangi ya kijani, picha ya gunia. Ulivifanya vizuri, kila mtu alivisifu. Mama yako akiita chakula, unaacha, unakuja, unakula cha moto, unarudi. Halafu ikaanza ile balaa ya gunia moja kupata namba mbili. Akina mama wawili wakashikana hapa nusura wang'oane nywele. Mimi nikasema programu haifai, turudi kwenye daftari.

Wewe hukubisha. Ulitoka na kaptura yako na ndala ukaenda kuwakalisha wale akina mama, ukawauliza mmoja mmoja ujumbe alituma saa ngapi, alikuwa amesimama wapi, simu ilimwambia nini, alibonyeza mara ngapi. Siku mbili. Mama yako alikuletea ugali kwenye meza ukapoa mpaka ukawa na ngozi juu. Akakuletea mwingine, na wenyewe ukapoa. Nilikukaripia nikadhani unaumwa. Siku ya tatu ukaja hapa unakimbia, huna hata kiatu kimoja, unapiga kelele kushinda mashine, "Baba, ni mtandao! Ukikatika, simu inatuma tena, na ghala linadhani ni gunia jipya!" Ukanieleza kwamba kila ujumbe utaupa namba yake, ukija mara ya pili ghala liseme huyu nimeshampokea. Nilielewa robo. Lakini uso wako ule niliuona wote. Sijawahi kuuona uso ule ukipewa cheti, wala ukipewa simu mpya.

Basi. Hicho ndicho nilichonacho. Wenzako watakuambia ni ujuzi gani unaotafutwa, na wanaweza wakawa wanasema kweli, wasikilize. Wakubwa wa kazi watakuambia ni upi unaohitajika kwao, na hao pia wasikilize. Lakini ugali wako unapoa kwa kitu gani, hilo hakuna wa kukuambia huko Dodoma. Hawajakaa na wewe mezani.

Na inaweza kuwa ni huko huko kwenye akili bandia. Sijui! Labda ukifika ukaiona ilivyo ndani, utasahau kula wiki nzima. Mimi simaanishi kufuta amri ile nikakupa nyingine kinyume chake. Nimekwishatoka kwenye biashara ya amri.

Sasa nikupe habari ambayo mama yako hajui bado, na akiisikia atacheka mpaka ashike ukuta. Leo asubuhi nilikwenda mnadani kumtafuta Masunga. Nilimkuta katikati ya wanaume wenzake, kama kumi hivi, wengine walikuwepo uani Jumapili. Ningeweza kumvuta pembeni. Lakini kosa nililifanya hadharani, nikaona kulirudisha pembeni ni ujanja. Nikasimama pale pale kwenye mavi ya ng'ombe nikasema, "Masunga, lile nililosema Jumapili kuhusu Kabula, nimelirudisha. Nilimsemea mtoto kitu ambacho hakusema. Kazi yake atachagua mwenyewe."

Masunga akanitazama juu mpaka chini. "Kaka, yaani binti amekupanda kichwani?"

Nikamwambia, "Hajanipanda. Hajasema hata neno. Ndiyo maana nimekuja."

Akasema, "Mh. Na sisi tukiulizwa huko Majimoto tuseme anafanya nini?"

"Semeni hamjui. Na baba yake hajui. Anajua mwenyewe."

Mzee mmoja akatikisa kichwa kunisikitikia. Mwingine akasema dunia imeisha, watoto ndio wazazi siku hizi. Masunga akacheka, lakini baadaye akanifuata mpaka kwenye pikipiki, akanishika bega, akasema polepole, "Mimi Ngolo wangu nilimwambia asome ualimu. Hajanipigia simu tangu Pasaka." Kisha akarudi kwa ng'ombe wake. Ukipata nafasi, mpigie Ngolo huko aliko, ni dada yako.

Kwa hiyo neno limerudi. Kama ulikuwa unaogopa kunivunjia heshima mbele ya ndugu, hakuna heshima iliyobaki ya kuvunja, nimeivunja mwenyewe mnadani na nimerudi mzima, nimekula na wali. Uko huru kabisa. Huru kuchagua vibaya pia. Ukichagua vibaya utaharibu magunia kadhaa ya mtu, utapanda baiskeli, utakwenda kuomba radhi, utajifunza. Nimekulea mimi, najua unaweza. Sina wasiwasi na wewe hata kidogo, na usidhani nasema hivi kukupoza. Wasiwasi wangu wote wiki hii ulikuwa juu ya mdomo wangu.

Mama yako ananiita, nadhani anataka nije nifunge begi lako ambalo nyie wawili mmelijaza kupita kiasi. Hii barua nitaiingiza kwenye mfuko wa kompyuta, utaiona ukiwa njiani, mbali kiasi cha kutoweza kugeuka na kunikumbatia, maana hilo sitaliweza stendi mbele ya watu.

Limebaki moja. Jumatatu, kabla ya kuwajibu, nakujua, utatoka nje kidogo na kutafuta namba yangu. Utasema unanisalimia tu. Usinipigie, mayu. Ukinipigia kabla ya kujibu, sitapokea. Nitaliona jina lako kwenye simu, nitaiacha iite mpaka inyamaze, na nitaumia sana, lakini sitapokea. Ingia ndani uwajibu. Ukishatoka, piga. Nitapokea kabla haijaita mara ya pili, na nitakuuliza umechagua nini, kwa sababu nitakuwa sijui.

Baba yako,
Shija